Kukata Shauri Katika Mazingira Magumu: Imani ya Kikristo na Mwalimu wa Ijara

Hati ya mshahara ya mwalimu anayefundisha Ijara ina mstari mmoja ambao hati ya mwenzake wa Thika haina. Mstari huo ni wa marupurupu ya mazingira magumu. Wanafunzi wanaosomea ualimu wa Kiswahili huufahamu mapema, na si ajabu kuwasikia wakiupigia hesabu kabla hata ya kuhitimu. Mwajiri amekiri, kwa lugha ya shilingi, kwamba yapo maeneo ambako kazi ileile humgharimu mtu zaidi: maji ni ya shida, joto ni kali, na barabara ya kutoka Garissa mjini kwenda Masalani hukatika mvua zinapozidi. Hata hivyo, upo ugumu mwingine ambao mstari huo hauwezi kuutaja. Nao ni ugumu wa kuamua. Mwalimu Mkristo kutoka Kitui, Kisii au Taita anayepokea barua ya kumpeleka Masalani, Hulugho au Sangailu hulazimika kujibu swali ambalo halikuwamo katika mtihani wowote aliofanya chuoni: aende au asiende? Na akishakwenda, abaki au aondoke?

Makala haya yanashikilia kwamba imani ya Kikristo haina jibu moja la swali hilo, na kwamba wanaodai inalo wanaipunguzia hadhi yake. Lakini kukosa jibu moja si kunyamaza. Imani humkataza mwenye kuamua kuruka hatua fulani ambazo woga, kiburi au haraka humshawishi aziruke. Hatua hizo ndizo zinazostahili kuchunguzwa hapa, maana wengi wa wasomaji wa jarida hili ama ni walimu ama watakuwa walimu.

Ni vyema kwanza kuielewa Ijara yenyewe. Eneo hilo liko kusini mwa Kaunti ya Garissa. Magharibi yake ni Mto Tana, mashariki ni mpaka wa Somalia, na kusini linaelekea Lamu kupitia msitu wa Boni. Wakazi wake wengi ni Wasomali wafugaji. Msituni na kandokando yake wanaishi Waaweer, ambao watu wengi wa nje huwaita Waboni, na ng'ambo ya mto wako Wapokomo. Huko Ishaqbini wenyeji wametenga ardhi yao wenyewe kumhifadhi hirola, swala adimu sana duniani. Ugumu wa mahali hapo haukuanza na bunduki: mwaka 2006 hadi 2007 homa ya Bonde la Ufa iliua mifugo na watu, na Ijara ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika vibaya zaidi nchini. Wakristo wa huko wengi wao ni watumishi wa umma waliotoka kwingineko, yaani walimu, wauguzi, maaskari na maafisa wa kilimo. Ni jamii ndogo ya wageni, ambayo huenda ikabadilika yote katika muda wa miaka michache kwa barua za uhamisho.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hali hiyo ina maana ya pekee. Mtoto wa Ijara husikia Kisomali au Kiaweer nyumbani. Kiswahili hukutana nacho sokoni, kwenye kizuizi cha polisi na darasani. Katika sehemu ambayo wazee bado hukumbuka vita vya mwaka 1963 hadi 1967 na miaka mingi ya sheria za hali ya hatari zilizofutwa mwaka 1991, na ambako kusafiri kwenda Nairobi kumewahi kuitwa "kwenda Kenya", mwalimu wa Kiswahili ni mmoja wa watu wachache wanaoileta Kenya hiyo kwa sura isiyovaa sare. Akiondoka, kinachoondoka si somo tu.

Matukio yaliyolifanya swali hili kuwa zito yanajulikana, lakini yafaa yatajwe kwa tarehe ili yasigeuke uvumi. Jumapili tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya mjini Garissa, la Africa Inland na lile kuu la Katoliki, yalishambuliwa wakati wa ibada, na watu zaidi ya kumi wakauawa. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilitekwa. Abiria walitenganishwa kwa kigezo cha dini, na watu 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Alhamisi tarehe 2 Aprili 2015, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa kilivamiwa alfajiri. Watu 148 waliuawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi, na baadhi yao walikutwa katika maombi ya asubuhi. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hiyohiyo ya Garissa. Mapema mwaka 2015 mamia ya walimu walipiga kambi katika makao makuu ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC, jijini Nairobi wakidai uhamisho, nao wakatishiwa kufutwa kazi. Mwaka 2020 tume hiyohiyo iliwaondoa yenyewe walimu wasio wenyeji katika shule nyingi za Garissa, Wajir na Mandera. Watoto walibaki na madarasa yasiyo na mwalimu.

Mbele ya matukio hayo, mwalimu Mkristo amekuwa akisikia sauti mbili kutoka kwa wenzake wa imani. Sauti ya kwanza humwambia arudi kazini bila wasiwasi kwa kuwa Mungu atamlinda, na kwamba mwenye kuogopa hana imani. Sauti ya pili humwambia kwamba Mungu hakumwita akafe jangwani, na kwamba kilichotokea ni ishara tosha. Sauti zote mbili hutamkwa kwa wema, na mara nyingi hutamkwa na mtu aliye mbali sana na Masalani. Kasoro yao ni moja: kila moja inamvua mwalimu kazi ya kuamua na kumpa amri badala yake. Tena zote mbili huliweka jina la Mungu mahali ambapo taarifa zinahitajika. Usalama wa barabara ya Hulugho wiki hii ni jambo la kuulizwa kwa watu wanaoipita. Mtu akidai kuujua kwa njia ya ndoto tu, hana budi kueleza kwa nini waliouawa alfajiri ile ya Aprili, wakiwa wanaomba, hawakuoteshwa.

Hapo ndipo hoja ya kwanza inapojitokeza. Imani haipimwi kwa kubaki wala kwa kuondoka. Ushahidi uko wazi ndani ya masimulizi ya Biblia yenyewe. Mtume Paulo, alipojua kwamba malango ya Dameski yanalindwa ili akamatwe, aliteremshwa ukutani usiku ndani ya kapu akatoroka. Miaka mingi baadaye, akiwa Kaisaria, nabii Agabo alimwonyesha kwa mshipi kwamba atafungwa Yerusalemu. Marafiki zake walilia wakamsihi asiende. Alikwenda. Mtu ni yuleyule na imani ni ileile, lakini maamuzi yanapingana. Msomaji anayetaka kanuni moja iliyonyooka hataipata hapo. Atakachopata ni mtu anayepima: kazi yake Dameski ilikuwa ndiyo kwanza inaanza na kifo chake kisingemfaa yeyote, ilhali safari ya Yerusalemu ilikuwa na jukumu ambalo hakuna mwingine angelibeba, nao msaada aliowachangishia maskini wa huko ulikuwa mikononi mwake.

Historia ya Kanisa imelirudia jambo hilo. Askofu Siprian wa Karthago alijificha wakati wa mateso ya mwaka 250, akalaumiwa na baadhi ya Wakristo wenzake. Mwaka 258 alikamatwa, hakukimbia, akauawa. Afrika Mashariki ina mfano ulio karibu zaidi. Mwezi Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Anglikana la Uganda walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na dhuluma. Tarehe 16 ya mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum, ambaye hakuikimbia nchi ingawa hatari ilikuwa dhahiri, aliuawa pamoja na mawaziri wawili. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyekuwa katika safu hiyohiyo, alivuka milima pamoja na mkewe usiku akaingia Rwanda. Luwum anakumbukwa kila tarehe 16 Februari nchini Uganda. Kivengere aliishi uhamishoni hadi utawala wa Amin ulipoanguka mwaka 1979, akawahudumia wakimbizi na kuhubiri msamaha, kisha akarudi jimboni mwake. Ni nani atakayesimama aseme kwamba mmoja wao alikuwa na imani na mwingine hakuwa nayo? Mwalimu aliyepanda basi kutoka Garissa mwezi Januari 2015 na asirudi hakustahili dharau aliyoipata kutoka kwa baadhi ya watu ambao hawakuwahi kuvuka daraja la Tana.

Ikiwa imani haiamui kwa niaba ya mtu, basi hufanya nini? Lugha ya Kiswahili yenyewe inatoa mwanga. Kuamua, katika matumizi yake ya zamani ambayo hayajafa, ni kuwatenganisha wanaopigana. Anayeamua ugomvi huingia kati, akasikiliza pande zote. Mwenye kuamua jambo lake mwenyewe naye ana wagomvi wake ndani: hofu, wajibu, njaa, fahari, upendo wa wanawe. Hawezi kuwaamua ikiwa mmoja wao amezibwa mdomo. Msemo wa kukata shauri nao una mpangilio wake: shauri hutangulia, kukata hufuata. Anayekata bila shauri amekata kitu kingine.

Mgomvi anayezibwa mdomo mara nyingi zaidi miongoni mwa Wakristo ni hofu. Imani imefundishwa vibaya hapa. Masimulizi ya bustani ya Gethsemane yanamwonyesha Yesu akifadhaika, akiomba kikombe kimwepuke na kuwataka rafiki zake wakeshe naye. Hakuificha hofu yake ili aonekane shujaa. Mwalimu anayesema waziwazi kwamba anaogopa amekwisha kuanza kuamua, kwa kuwa hofu iliyotajwa huweza kuulizwa maswali: inahofu nini hasa? Nyumba ya walimu iliyo mbali na kituo cha polisi, safari za mwisho wa muhula, au sura na mavazi ya watu asiowafahamu? Hofu mbili za kwanza zina sababu na huenda zikawa na tiba. Ya tatu ni ubaguzi uliovaa kanzu ya tahadhari, na Mkristo hana ruhusa ya kuitii. Wanaoondoka Kaskazini Mashariki kwa sababu ya hatari ya kweli ni tofauti na wanaoondoka wakiwa wamekwisha kumhukumu kila Msomali, hata kama wote wamepanda basi moja.

Kuna kipengele kingine kinachosahaulika hata zaidi. Mijadala ya Wakristo kuhusu walimu wa Kaskazini Mashariki imemzunguka mwalimu tu: usalama wake, wito wake, thawabu yake. Mwanafunzi hayumo. Hapa imani ya Kikristo, ikichukuliwa kwa uzito, ni kali kuliko busara ya kawaida. Busara humruhusu mtu kuwahesabu walio wake. Mfano wa Msamaria mwema, ambao kila Mkristo anaujua tangu shule ya Jumapili, ulitolewa makusudi kulivunja hesabu hilo: barabara yenye wanyang'anyi, majeruhi asiye wa kabila wala ibada ya mpita njia, na swali la nani aliye jirani. Msichana wa kidato cha tatu huko Masalani, Mwislamu, ambaye hana mwalimu wa hisabati wala wa Kiswahili, ni jirani kwa maana hiyohiyo. Mtoto wa mwalimu aliyeachwa Kitui naye ni jirani. Uamuzi wa kiimani ni ule ambao wote wawili wameketi barazani unapofanywa, wala hauna hakikisho kwamba yule wa Masalani ndiye atakayeshinda. Mama wa watoto wadogo watatu ambaye ndiye tegemeo lao pekee anaweza, kwa imani safi, kuwapima wote na kuomba uhamisho. Kosa lingekuwa kuomba uhamisho bila kumhesabu kabisa yule wa Masalani, kana kwamba ni sehemu ya mandhari.

Akihesabiwa, hata kuondoka hubadilika. Msamaria yule hakuhamia kwenye nyumba ya wageni. Alilipa, akaagiza majeruhi atunzwe, akaendelea na safari. Mwalimu anayeondoka akijua amemwacha mtu hukabidhi kazi yake vizuri: huacha maandalio ya masomo na rekodi za alama, humwachia mwalimu mwenyeji maelezo ya pale darasa lilipofikia, na huenda akaendelea kusahihisha insha kwa simu. Wapo watakaoona hayo kuwa madogo. Kwa darasa la watahiniwa si madogo hata kidogo. Makanisa nayo, yaliyokusanya fedha nyingi za rambirambi mwaka 2015, yangeweza kujiuliza ni kijana gani mwenyeji wa Ijara waliyemlipia karo katika Chuo cha Ualimu cha Garissa. Swali hilo halipendwi, kwa sababu kijana huyo huenda akawa Mwislamu.

Yupo mtu mmoja katika historia ya eneo hilo anayestahili kufikiriwa kwa makini, nusu kwa sababu ya ujasiri wake na nusu kwa sababu mfano wake hutumiwa vibaya. Annalena Tonelli, Mwitaliano na Mkatoliki asiye mtawa wa shirika lolote, alifika Kenya mwaka 1969 akiwa mwalimu. Alikwenda Wajir, ambako alianzisha huduma ya kuwatibu wafugaji wagonjwa wa kifua kikuu ambayo Shirika la Afya Duniani lilijifunza kutokana nayo. Mwezi Februari 1984, wakati wa mauaji ya Wagalla, aliwasaidia majeruhi, akakusanya maiti na kusaidia habari zitoke nje. Serikali ya wakati ule haikumvumilia. Ilimlazimu aondoke nchini. Akaendelea na kazi hiyohiyo Somalia na hatimaye Borama, ambako alipigwa risasi tarehe 5 Oktoba 2003, mwaka uleule aliotunukiwa Tuzo ya Nansen kwa huduma yake kwa wakimbizi.

Wanaomtaja Tonelli humtaja kama hoja ya kuwashurutisha wengine wabaki. Maisha yake hayasemi hivyo. Alikuwa peke yake, hakuwa na mume wala watoto, na aliliteua hali hilo kwa makusudi kwa sababu ya kazi aliyotaka kuifanya. Aliamua kwa kujua. Mwalimu mwenye umri wa miaka ishirini na minne ambaye amepangiwa Hulugho na kompyuta ya Nairobi, na ambaye anahitaji mshahara ili awasomeshe wadogo zake, hakuamua hivyo. Kumpa kielelezo cha Tonelli bila kumpa uhuru wa Tonelli ni kumtwisha mzigo wa mwingine. Kinachoigika kwake kwa kila mtu ni kitu kingine: alikaa miongoni mwa Waislamu miaka zaidi ya thelathini bila kuigeuza dawa kuwa chambo cha kuwavutia katika dini yake, na siku ya Wagalla alijua upande wake kwa kuwa aliwajua watu wenyewe, majina na nyumba zao.

Hili linaleta jambo ambalo pengine ndilo litakalopingwa zaidi: shauri la Mkristo aliye Ijara halikamiliki bila Waislamu. Baada ya makanisa ya Garissa kushambuliwa mwaka 2012, viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao watalinda makanisa wakati wa ibada. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, basi jingine lilishambuliwa. Wanawake wa Kiislamu waliwavika Wakristo mitandio yao, na abiria wakakataa kutenganishwa. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alipigwa risasi siku hiyo, akafariki hospitalini Nairobi mwezi Januari 2016. Alikuwa Mwislamu na alikuwa mwalimu. Mkristo anayejadili kama arudi Ijara hawezi kuizungumzia imani kama kwamba ni mali ya upande mmoja wa basi lile. Kiswahili hakijawahi kuifanya hivyo: neno imani ni la wote wawili, na katika kamusi lina maana ya huruma pia. Mtu asiye na imani, kwa msemaji wa kawaida, ni mkatili kwanza kabla hajawa mkana Mungu.

Watawa wa Kifaransa wa Tibhirine, nchini Aljeria, walilielewa jambo hilo. Walipotembelewa na watu wenye silaha mkesha wa Krismasi mwaka 1993, walianza mjadala uliochukua muda mrefu. Walipiga kura zaidi ya mara moja, kila mmoja akitoa maoni yake, na waliwasikiliza majirani zao Waislamu, ambao kuondoka kwa watawa kungewaacha bila zahanati. Walibaki. Saba kati yao walitekwa mwezi Machi 1996 na kuuawa. Mwisho wao haulifanyi shauri lao kuwa bora, wala hauliharibu. Uzuri wa shauri lile ulikuwa katika namna lilivyofanywa: bila haraka, bila mmoja kumwamulia mwenzake, na bila kuona haya kulirudia hali ilipobadilika.

Kulirudia ndiko kunakowashinda wengi. Mtu akisema hadharani kanisani kwamba Mungu amemwambia abaki, amejifungia mlango. Atakapotaka kuondoka ataonekana ama alidanganya ama ameasi. Ni heri aseme kwamba, baada ya kuomba na kuuliza, ameona vyema abaki hadi mwisho wa muhula. Kauli hiyo ni ya kawaida mno, haiwezi kutikisa mkutano wa injili, lakini ni ya kweli zaidi na inamwachia nafasi ya kusikia tena.

Msomaji mwenye shaka atauliza iwapo haya yote si busara tu iliyopambwa kwa majina ya mitume. Kwa sehemu, ndiyo, na hakuna aibu katika hilo. Imani haikuja kuifuta akili. Lakini busara ya kawaida isingemtaja msichana yule wa Masalani, wala isingemzuia aliyefiwa pale Garissa kulipiza kisasi kwa muuza duka wa Eastleigh. Busara, tena, huwa mtumishi mwema wa mwenye nguvu. Mwaka 2015 ilikuwa busara kwa mwajiri kuwatishia walimu, kwa kuwa shule zilihitaji watu. Imani ndiyo inayompa mwalimu haki ya kumwuliza mwajiri huyo bila kutetemeka: ulinzi uko wapi? Mauaji ya chuoni yalipotokea, kikosi maalumu cha polisi kilichukua saa nyingi kufika kutoka Nairobi. Kuwaita waliokufa mashahidi na kuachia hapo ni kuifanya dini kuwa blanketi la kufunika uzembe. Wanafunzi wale walikwenda Garissa kusoma. Hawakuulizwa na mtu kama wako tayari kufa, na hakuna askofu wala waziri mwenye ruhusa ya kuwajibia.

Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na mtoto wa Sangailu hajatengwa humo. Kwa hiyo barua za kwenda Ijara zitaendelea kuandikwa, na baadhi zitawaangukia wahitimu wa idara za Kiswahili. Atakayeipokea ana haki ya kuomba, kufunga, na kumwendea mchungaji wake. Kabla ya hayo, au pamoja nayo, ampigie simu mwalimu mkuu wa shule anakopelekwa amwulize walimu wanalala wapi, ni hatua ngapi kutoka hapo hadi kituo cha polisi, ni lini mara ya mwisho gari lilizuiwa njiani, mwalimu aliyemtangulia aliondoka kwa sababu gani, na ni mzee yupi wa mtaa ambaye neno lake huaminiwa. Kisha aulize wako wanafunzi wangapi katika kidato cha nne, na nani anawafundisha Kiswahili kwa sasa.